Kifo cha Hodor na Ubishi wa Wakati Uliojifunga

Game of Thrones, tamthilia iliyorushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia 2011 hadi 2019 kwa misimu 8 yenye sehemu 73, iliwapa mashabiki wake mengi ya kubishania, tangu nasaba ya Jon Snow hadi haki ya kukalia kiti cha enzi, lakini ni machache yaliyowagawa kwa kina kama namna alivyokufa mtumishi mmoja aliyeitwa Hodor. Kwa misimu mitano watazamaji walimjua kama pandikizi la mtu mpole, aliyetamka neno moja tu ambalo ndilo lilikuwa pia jina lake, na wengi walidhani ni kilema alichozaliwa nacho ambacho mtunzi hakuona haja ya kukieleza. Tarehe 22 Mei 2016, katika sehemu ya tano ya msimu wa sita, chanzo cha neno hilo kilifichuliwa, na ubishi uliozuka ukavuka majonzi ya msiba, ukafika kwenye swali la zamani zaidi kuliko televisheni yenyewe: je, jambo la leo laweza kuwa ndilo lililosababisha jambo la jana, na kama laweza, nani atabeba lawama?

Tukio lenyewe linahitaji kuelezwa kwa utaratibu. Bran Stark, kijana aliyepooza miguu baada ya kusukumwa kutoka dirishani katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia, ana vipawa viwili: anaweza kuiona enzi iliyopita katika njozi, na anaweza kuingia katika akili ya kiumbe mwingine na kuutumia mwili wake. Akiwa pangoni pamoja na mwalimu wake, Kunguru mwenye Macho Matatu, anaitazama ngome ya Winterfell jinsi ilivyokuwa wakati baba yake alipokuwa mtoto, na humo yumo mvulana wa kazi za zizini aitwaye Wylis, ambaye bado anazungumza kama watoto wengine. Wakati huohuo, pango linavamiwa na jeshi la wafu. Bran, ambaye njozi bado haijamtoka, anaingia katika akili ya Hodor ili atumie nguvu zake. Hodor anabaki akiuzuia mlango wa nyuma kwa mgongo wake, huku Meera, msichana anayemkokota Bran kwenye theluji, akimpigia kelele aushikilie mlango usifunguke. Kupitia kwa Bran, aliyesimama katika nyakati mbili kwa pamoja, amri hiyo inamfikia Wylis mdogo, ambaye anaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa, akiirudiarudia mpaka maneno matatu ya Kiingereza, “hold the door”, yanamezana na kubaki neno moja. Hodor hakuwa mtu aliyezaliwa na kilema, bali mtu aliyeumizwa utotoni na kifo chake mwenyewe cha baadaye.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu mbinu ya kisengere nyuma, ambapo msimulizi huyarudia yaliyopita na kisha kuendelea mbele, na hadithi ikabaki na mfuatano wake wa sababu na matokeo. Kitanzi cha wakati ni jambo tofauti. Jina hilo hutumika kwa namna mbili za usimulizi zisizopaswa kuchanganywa: ya kwanza ni ile ya siku inayojirudia, kama katika filamu ya Groundhog Day ya mwaka 1993, ambapo mhusika huamka asubuhi ileile kila mara lakini akawa huru kutenda tofauti; ya pili, ambayo ndiyo ya Hodor, ni ya sababu iliyojifunga, ambapo tokeo huzaa chanzo chake na mduara mzima hauna mwanzo. Wazo hili halikubuniwa na watunzi wa tamthilia peke yao. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu, walau kwenye karatasi, njia inayoenda mbele katika wakati na kuishia ilikoanzia, na katika miaka ya 1980 mwanafizikia wa Kirusi Igor Novikov alipendekeza kanuni kwamba katika njia ya aina hiyo matukio lazima yaafikiane, kwa maana kwamba anayerudi nyuma hawezi kubadili lolote kwa sababu kurudi kwake kulikuwa tayari sehemu ya yaliyotukia.

Mashabiki waliogawanyika kuhusu Hodor walikuwa, wengi bila kujua, wakibishania kanuni hiyo. Upande mmoja ulishika mafundisho ya Kunguru, aliyekuwa amemwonya Bran kwamba yaliyopita yamekwisha kuandikwa, na ukaongeza kwamba Hodor alikuwa Hodor tangu msimu wa kwanza, hivyo hapakuwahi kuwa na historia nyingine ambamo Wylis alikua salama. Upande wa pili ulirejelea sehemu iliyorushwa wiki mbili kabla, ambamo Bran alimwita baba yake katika njozi na baba akageuka kama aliyesikia sauti, ukahoji itawezekanaje zama zilizofungwa zisikie mwito. Hoja ya upande wa kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa baba yule aligeuka, hakuona mtu, akaendelea na safari yake, na hakuna kilichotoka kwenye mstari. Kusikika ni jambo moja na kubadili ni jambo jingine.

Hata hivyo ushindi huo wa kimantiki unafungua jeraha la kimaadili, na hapo ndipo mjadala unapostahili heshima ambayo wahakiki wengi huinyima mijadala ya mashabiki. Ikiwa isingewezekana iwe vingine, Bran ana kosa gani? Waliomtetea walisema kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo asilokuwa na uwezo wa kuliepuka. Waliomshtaki walikumbusha kwamba hakuanza siku ile: katika msimu wa nne aliingia katika mwili wa Hodor akautumia kumuua mtu aitwaye Locke, na Hodor alipojirudia aliitazama mikono yake yenye damu kwa mshangao wa mtu asiyejua alichofanya. Hodor hakuwahi kuombwa ridhaa. Hata ushujaa wake mlangoni haufahamiki ni wa nani, kwa kuwa tamthilia haisemi iwapo dakika zile za mwisho aliyesimama pale alikuwa Hodor mwenyewe au Bran ndani yake, na bila jibu la swali hilo haiwezekani kuamua kama mtumishi huyu alijitoa mhanga au alitolewa.

Aristotle aliandika kwamba mgeuko wa hadithi huwa bora unapotokea pamoja na utambuzi, yaani pale mambo yanapopinduka na ujinga ukawa ujuzi kwa wakati mmoja, na mfano wake ulikuwa Oedipus, ambaye mzazi wake alimtupa ili kuukwepa utabiri na kwa kumtupa akautimiza. Mgeuko wa Hodor una sifa hiyohiyo, na tena dalili zake hazikufichwa: sehemu tatu kabla, Bran alishangaa kumwona Wylis akizungumza, kwa hiyo swali liliulizwa waziwazi kabla ya kujibiwa. David Benioff na D. B. Weiss, waandishi wakuu wa tamthilia, walieleza kwamba walilipata wazo hili kwa George R. R. Martin, mtunzi wa riwaya zilizozaa tamthilia hiyo. Mwongozaji wa sehemu hiyo, Jack Bender, alikuwa ameongoza sehemu nyingi za Lost, tamthilia ambayo mwaka 2009 iliwatia mashabiki katika ubishi wa aina hii walipoona wahusika waliorudi miaka ya 1970 wakijaribu kulipua bomu ili historia yao isitokee.

Kilichofuata katika Game of Thrones hakikuwa na uzito uleule. Baada ya kuoneshwa kwamba jicho la Bran linaweza kumjeruhi mtoto wa zamani, mashabiki walijenga nadharia nyingi, kwamba ndiye aliyemtia wazimu Mfalme Aerys, aliyetawala kabla ya hadithi kuanza, kwa kumnong'oneza, au kwamba yeye na Mfalme wa Usiku, kiongozi wa jeshi la wafu, ni mtu mmoja, na walikuwa na haki ya kuzijenga, kwa sababu hadithi inayoonesha silaha ya namna hiyo imeahidi kuitumia. Haikutumiwa tena. Mfalme wa Usiku aliuawa na Arya, dada yake Bran, kwa jambia mwezi Aprili 2019. Aliyedai hesabu ya pangoni ni Meera peke yake, aliyemwambia Bran katika msimu wa saba kwamba Hodor na kaka yake walikufa kwa ajili yake, na akaondoka akilia bila kupata jibu la maana. Tamthilia ya Kijerumani ya Dark, iliyotoka kati ya 2017 na 2020, ilikuwa na uaminifu mkubwa zaidi kwa kitanzi chake, kiasi kwamba Charlotte na Elisabeth, ambao kila mmoja ni mama na pia binti wa mwenzake, wanalipa gharama ya mduara huo mpaka mwisho.

Katika sehemu ya mwisho Bran alipotawazwa alidokeza kwamba kiti cha enzi ndicho kilichomleta, na hapo shtaka likafufuka: kama alijua, basi alijua pia mji mkuu ungechomwa huku watu wake wakiwa ndani. Huenda riwaya zikalibeba swali hili vizuri zaidi. Katika A Dance with Dragons ya mwaka 2011, Bran humwingia Hodor mara kwa mara huku mwenye mwili akijikunyata ndani kwa hofu, na katika kitabu cha James Hibberd cha 2020 kuhusu tamthilia hiyo, Martin alieleza kwamba Hodor wake hatauzuia mlango kwa mgongo, bali ataulinda upenyo kwa upanga, akipigana na maadui kwa ustadi ambao Bran ameuzoeza mwili huo wakati mwenyewe hakuweza kukataa.