Taa ya TRC na mchanga wa Uyombo

Kila nikipita steji ya Matsangoni kuna kijana mmoja wa boda ambaye huniuliza kwa mzaha, "Mzee, leo limekubali?" Nacheka naye, lakini usiku anaousema haukuwa wa kucheka.

Ilikuwa Februari, saa nane za usiku, jirani yangu akanigongea. Mke wake alikuwa Uyombo kwa wakwe, uchungu umemshika, na hakuna gari kule. Nikatoka na Probox yangu. Nilikuwa nimeinunua miezi mitatu tu nyuma kutoka yadi moja ya Mombasa, otomatiki, safi. Kabla ya hapo nimeendesha gari la gia za mkono kwa miaka kumi na moja, na barabara ya Uyombo naijua kama naujua ua wa nyumba yangu. Kwenda tulifika salama. Kurudi, na mama mjamzito kiti cha nyuma pamoja na mama mkwe wake, nikakutana na ule mchanga mkavu wa kaskazi, ule unaomwagika kama unga. Gurudumu la mbele la kulia likazama. Nikakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele kidogo, halafu ikanywea. Kwenye dashibodi taa ndogo ya gari lenye mistari iliyopinda chini yake ikawa inawaka na kuzima. Nikakanyaga mpaka chini. Injini ikazidi kunywea.

Bi mkubwa akaniuliza kule nyuma, "Mwanangu, unakanyaga au hukanyagi?"

Swali lile limekaa nami mpaka leo, kwa sababu jibu lake la kweli ni kwamba nilikuwa nakanyaga na gari lilikuwa halitaki. Yule kijana wa boda ndiye aliyemwokoa mama yule. Alimpakia katikati, bi mkubwa nyuma akimshikilia, wakaenda polepole hadi kituo cha afya cha Matsangoni. Alijifungua alfajiri, mtoto mzima, na sasa anatambaa. Mimi nilibaki na gari mchangani mpaka kukakucha.

Sasa nieleze kile ambacho ningependa kukijua kabla ya usiku ule. Kwa hali ya magari yanayoingia siku hizi, wengi wenu mnacho hicho kifaa na hamjakitambua.

Taa ile ni ya mtambo wa kuzuia magurudumu yasiteleze wakati wa kuondoka au kuongeza mwendo. Kwenye magari ya Toyota huandikwa TRC. Kampuni nyingine zina herufi zao, lakini kazi ni moja. Kila gurudumu lina sensa ndogo karibu na beringi yake, na mbele ya sensa hiyo kuna pete yenye meno au yenye sumaku. Gurudumu likizunguka, sensa inahesabu. Kompyuta inapokea hesabu za magurudumu yote manne, mara nyingi kwa kila sekunde, na inalinganisha. Probox yangu inavutwa na magurudumu ya mbele. Yale ya nyuma yanafuata tu, kwa hiyo ndiyo yanayosema ukweli kuhusu mwendo wa gari. La mbele likizunguka mbio kuliko ya nyuma, kompyuta inajua: hapa pana utelezi.

Ikishajua inafanya mambo mawili. La kwanza, inalifunga breki lile gurudumu moja linalozunguka ovyo, bila wewe kugusa breki. Sababu yake iko kwenye difu, ile sehemu inayogawa nguvu ya injini kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi nguvu nyingi kuliko inavyolipa lile linaloteleza. Ni kama kuvuta juya na mwenzako aliye upande wa pili: akilegeza, wewe hata uwe na nguvu za nyangumi, wavu hauji. Breki ikilikaza lile linaloteleza, difu inapata pa kuegemea, na lenzake lililoko pakavu nalo linapata nguvu. Jambo la pili, na hili ndilo lililonikwamisha, kompyuta inapunguza nguvu ya injini yenyewe.

Hapo ndipo otomatiki inapoachana na lile gari langu la zamani. Kwenye gia za mkono nilikuwa na klachi. Nikiingia mchangani nachezesha mguu wa kushoto, naachia nusu, nakaza, naachia tena, naweka gia ya pili niondoke taratibu. Kwenye otomatiki hakuna klachi ya mguu. Nyingi zina chombo cha mviringo kilichojaa mafuta kati ya injini na gia: injini inazungusha mafuta, nayo mafuta yanazungusha gia. Ndiyo maana ukitoa mguu kwenye breki gari linatambaa lenyewe. Gia ipi iingie na wakati gani, anaamua kompyuta. Na kwenye magari ya siku hizi hata kanyagio la mafuta halina waya unaofika kwenye injini. Lina sensa inayosema "dereva anataka hivi", kisha mota ndogo kule mbele inafungua hewa ya injini kadiri kompyuta inavyokubali. Kompyuta ya breki, ya injini na ya gia zote zinaongea. Ya breki ikisema kuna utelezi, ya injini inafunga hewa. Kwa hiyo mimi nilikuwa natoa amri kwa mguu, na kumbe nilikuwa nawasilisha ombi.

Mbona waliutengeneza hivyo? Kwa sababu haukutengenezwa kwa ajili ya Uyombo. Toyota waliuweka kwenye Crown mwaka wa 1987, na wenzao wa Ulaya walikuwa wakifanya jambo hilohilo miaka hiyohiyo, wakiwa na mawazo ya barafu na lami iliyolowa. Kwenye barafu gurudumu linalozunguka bure halina faida hata kidogo, kwa hiyo kupunguza nguvu ni akili. Mchanga mkavu una tabia nyingine. Humo unahitaji gari lisipoteze mwendo, hata magurudumu yakizunguka kidogo kuliko linavyokwenda gari. Ukinyimwa nguvu katikati ya mchanga unasimama, na ukishasimama unazama.

Ndiyo maana kuna kile kitufe chenye picha ya gari lenye mistari iliyopinda na neno OFF. Kwenye yangu kiko upande wa kulia wa usukani, chini, pale goti linapokaribia kugusa. Miezi mitatu nilikuwa nakiona na sijui ni cha nini. Ukikibonyeza mara moja, taa ya TRC OFF inawaka na injini inakusikiliza. Ukishavuka mchanga unabonyeza tena. Hata ukisahau, ukizima gari na kuliwasha upya mtambo unarudi wenyewe.

Lakini kubonyeza peke yake hakutoshi, na hapa vijana wanakosea. Wanazima TRC halafu wanakanyaga kama wanafukuzwa. Gurudumu linachimba kaburi lake, na mafuta ya gia yanapata moto haraka sana gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Zile otomatiki za CVT, ambazo ndani zina mkanda wa chuma badala ya gia za meno, huumia zaidi gurudumu linalozunguka bure likishika ardhi ghafla. Ukikwama, ondoa mguu. Nyoosha usukani. Fukua mchanga mbele ya tairi kwa mkono, weka makuti au magunia, kisha rudi nyuma kwa njia ileile uliyojia kabla ya kujaribu kwenda mbele. Punguza upepo wa tairi, kama ulikuwa 32 teremsha mpaka karibu 20, tairi lipanuke likanyage pana. Ila ukifika lami jaza tena kabla ya kukimbia, na usiniambie utajaza Malindi.

Baada ya usiku ule sikujua habari ya kitufe. Nilikuwa na hasira. Nikapeleka gari kwa fundi mmoja na kumwambia, hiki kitu kinachokata injini kitoe kabisa. Akasema ni kazi ya dakika kumi. Akachomoa plagi ya sensa ya gurudumu moja la mbele, akaifunga na utepe. Taa tatu za manjano zikabaki zinawaka kwenye dashibodi. Nikamuuliza. "Mzee, hizo ni taa tu."

Nikaendesha hivyo Machi na Aprili, na mchangani gari likawa tamu. Mei, mvua ya masika inanyesha, natoka Kilifi kurudi nyumbani. Karibu na Roka mbuzi watatu wakavuka barabara. Nikakanyaga breki. Magurudumu yakafunga kabisa, usukani ukawa kama wa merikebu isiyo na maji, na nyuma ya gari ikataka kunitangulia. Nikateleza upande wa kulia, upande wa wanaokuja. Lori lililokuwa likitoka Malindi lilikuwa bado mbali kidogo. Kidogo tu. Niliishia mtaroni chini ya mkanju, upande usio wangu, na mbuzi wale wakaendelea na safari.

Aliyenifungua macho ni fundi mwingine, wa Malindi, mwenye ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Akanionyesha kwamba TRC haina sensa zake. Inatumia zilezile za ABS, yaani breki zisizofunga magurudumu, teknolojia ambayo Mercedes na Bosch waliitoa mwaka wa 1978. Sensa hizohizo ndizo zinazotumiwa pia na mtambo wa tatu, VSC, unaofunga gurudumu moja moja ili gari linapoteleza kwenye kona lirudi kwenye njia unayoelekeza usukani. Ukichomoa plagi moja ili kuua TRC, umeua zote tatu. Ndizo zile taa tatu. Kitufe kingezima ile moja niliyokuwa na ugomvi nayo na kuniachia ABS yangu.

Kwa hiyo mwenye gari lake asimkubalie fundi kuchomoa. Kwenye lami iliyolowa, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi wakati vumbi na mafuta vinapopanda juu, acha TRC iwe imewashwa. Ukiona taa yake inapepesa, maana yake inafanya kazi na inakuambia barabara inateleza, punguza mguu. Isikupe kiburi lakini. Ikiwa tairi limekwisha na dimbwi limejaa, tairi litaelea juu ya maji, na hakuna kompyuta itakayoshika ardhi kwa niaba ya tairi.

Taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, na wewe hujagusa kitufe, hiyo ni hitilafu. Huku kwetu hewa ya chumvi inakula plagi na pete za sensa, na mawe ya marram hukata waya. Wakati mwingine kosa ni tairi: ukifunga mbele tairi moja la saizi tofauti, linazunguka kwa hesabu tofauti na kompyuta inadhani unateleza siku nzima. Na kwenye Toyota nyingi taa ya injini ikiwaka, ya TRC na VSC huwaka nayo, kwa sababu kompyuta haitaki kuidhibiti injini ambayo ni mgonjwa. Watu wamebadilisha sensa za magurudumu bure, kumbe ugonjwa uko kwenye injini. Soma na mashine kwanza.

Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limezidi miaka minane, na Japani ilianza kulazimisha VSC kwa aina mpya za magari madogo mwaka wa 2012. Kwa hiyo Probox au Fielder inayoshuka bandarini leo karibu hakika imekuja na mitambo hii. Swali ni kama bado inayo inapokufikia wewe, hasa ukinunua kwa mtu na si yadi. Kagua hivi: usiwashe injini, washa swichi tu. Taa za ABS na za mtambo wa utelezi lazima ziwake zote, kisha zizime zenyewe, nyingine baada ya sekunde chache, nyingine injini ikishaunguruma. Isiyozima ina hitilafu. Isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana kuna mtu aliyeiziba au kutoa balbu ili usiulize. Mimi nilipokuwa nanunua niliangalia rangi, viti na redio.