Rangi ya Uso Juu ya Diski

Mchafukoge ni kata ndogo ya jiji la Dar es Salaam, iliyobanana kati ya viwanja vya Mnazi Mmoja na pande za Mnara wa Saa. Ng'ambo ya viwanja hivyo iko Kariakoo, ambayo katika miaka ya 2000 ilikuwa soko kuu la jumla la filamu na muziki wa Kitanzania uliouzwa kwa diski. Diski zilizotolewa kwa maelfu zilichapwa viwandani, kwa ofseti au kwa skrini ya hariri. Lakini diski ya harusi, ya ubatizo au ya mahafali hutolewa nakala ishirini au thelathini tu, na hakuna kiwanda kitakachowasha mitambo kwa idadi hiyo. Kazi ya namna hiyo hufanywa mezani, kwa printa ya kunyunyiza wino yenye kisahani cha kushikilia diski. Simu na flashi zimechukua sehemu kubwa ya biashara hii. Hata hivyo, kitu chenye picha ya maharusi usoni, kinachoweza kuwekwa kabatini, bado kina wateja wake.

Na lalamiko la mteja ni lile lile tangu printa hizo zilipoanza kutumika: uso wa bibi harusi si wake. Katika kiwambo cha kompyuta alikuwa maji ya kunde, mwenye kung'aa. Juu ya diski amekuwa wa rangi ya majivu, au amepiga ukijani, au amekuwa mweusi tititi hata yakaonekana macho na meno tu. Mteja humlaumu fundi, naye fundi huulaumu wino. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini chanzo kiko mahali ambapo wote wawili hawapatazami.

Kiwambo hutoa mwanga. Rangi zake zote hujengwa kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na vyote vitatu vikiwaka kwa nguvu jicho huona nyeupe. Wino hufanya kinyume: hautoi mwanga wowote, bali hula sehemu ya mwanga uliotoka dirishani au kwenye taa. Wino wa samawati uitwao sayani hula mwanga mwekundu. Majenta hula wa kijani. Manjano hula wa buluu. Kinachosalia ndicho kinachorudi machoni. Kwa hiyo picha ile ile ina lugha mbili, na katika kutafsiri baadhi ya maneno hukosa mwenzake. Wekundu mkali wa kanga ya kisutu, kwa mfano, unaweza kuonekana vizuri kiwamboni na bado ukawa nje ya uwezo wa wino. Hapo mashine huchagua wekundu ulio karibu, na fundi mwenye busara humwambia mteja mapema.

Jambo la pili ni weupe. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Kila mahali palipo peupe katika picha, iwe shela, kanzu au weupe wa jicho, ni uso wa diski wenyewe unaoonekana pasipo wino. Uso huo ni utando wa chembe nyeupe zinazofyonza wino, uliopakwa juu ya diski ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Tando hizi hazifanani. Ya mtengenezaji mmoja huelekea ubuluu, ya mwingine huelekea umanjano wa maziwa, na hata maboksi mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana. Anayebadili diski kwa kufuata bei ya siku hiyo amebadili pia weupe wake, na rangi zote zilizoegemea weupe huo zimesogea pamoja nao. Diski zenye uso wa fedha zisizo na utando mweupe ni taabu zaidi: juu yake kila rangi hugeuka kuwa ya bati.

Sasa urudi uso wa bibi harusi. Rangi ya hudhurungi hupatikana kwa manjano na majenta nyingi, sayani kidogo, na weusi kiasi. Sayani hiyo kidogo ndiyo yenye kuamua. Ikizidi kwa asilimia chache, uso huchukua ukijani au ujivu. Ikipungua, uso huwa mwekundu kama tofali. Katika anga ya buluu kosa la kiasi hicho lingepita bila kutambuliwa, lakini binadamu anazijua nyuso kuliko anavyoijua anga, hasa uso wa binti yake.

Tena, kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo wino unavyohitajika kwa wingi mahali pamoja. Utando wa diski mara nyingi hauwezi kubeba wino mwingi kama karatasi nzuri ya picha. Fundi akiiambia printa kwamba imewekewa karatasi ya picha, mashine itamimina kiasi cha karatasi hiyo. Utando utajaa, matone yataungana, na tofauti ndogo kati ya paji la uso, shavu na kivuli cha pua zitazama katika weusi mmoja. Uso mweupe, unaotumia wino kidogo, haufikii kikomo hicho. Ndiyo sababu mpangilio uliosifiwa kwa picha za watu wa Ulaya unaweza kushindwa Dar es Salaam bila mashine kuwa mbovu.

Tatizo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za mfano za kampuni ya Kodak, zilizoitwa "Shirley" kwa jina la mwanamitindo wa kwanza. Mwanamke wa kadi hizo alikuwa mweupe. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika makala aliyoitoa mwaka 2009, alionyesha jinsi kipimo hicho kilivyoziacha ngozi nyeusi bila maelezo ya kutosha katika picha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya 1990. Printa ya leo haitumii kadi hiyo, ila kitufe cha "kusahihisha picha" kina hatari inayofanana nayo. Programu ya aina hiyo hukadiria kwamba picha ya kawaida ina mwanga wa wastani. Ikikutana na nyuso nyeusi zilizojaa picha nzima, huenda ikadhani kwamba picha ilikosa mwanga, ikazipausha. Afadhali kitufe hicho kizimwe.

Kosa jingine ni la kuwa na wasimamizi wawili. Programu ya kuchora inaweza kutafsiri rangi, na programu ya printa nayo inaweza. Zote mbili zikiachwa zifanye kazi hiyo, rangi hutafsiriwa mara mbili. Mmoja apewe kazi, mwingine anyamazishwe.

Wenye uwezo hutumia chombo cha kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vipande vya rangi vilivyochapwa, kisha kompyuta hutunga faili la sifa za rangi kwa ajili ya printa hiyo, wino huo na diski hiyo. Utaratibu wa mafaili haya uliwekwa na muungano wa kimataifa wa makampuni ulioanzishwa mwaka 1993. Chombo ni ghali. Lakini wapiga picha wa zamani, waliokuwa wakisafisha picha za rangi katika chumba cha giza, walikuwa na njia yao, nayo yafaa kwa diski. Uso mmoja huchapwa mara nyingi ukiwa mdogo, ukipangwa kuzunguka diski moja kama namba za saa. Wa juu hauguswi. Wa pili huongezewa sayani kidogo, wa tatu hupunguziwa, wa nne huongezewa majenta, na kuendelea hivyo. Kila mmoja huandikwa chini yake kiasi kilichobadilishwa. Diski moja hutoa majibu kumi na mawili, na diski iliyoharibika katika kurekodi inatosha kwa kazi hiyo.

Majibu hayo yasisomwe papo hapo. Wino wenye maji hubadilika rangi unapokauka, na wakati wa masika, hewa ya pwani inapojaa unyevu, ukauka wake huchelewa. Kungoja hadi kesho yake si kupoteza muda. Wala yasisomwe chini ya taa ya tyubu ndani ya duka. Taa nyingi za namna hiyo zina upungufu wa mwanga mwekundu, na rangi mbili zilizolingana chini yake zaweza kuachana juani. Mnunuzi wa vitenge hulijua hilo bila kufundishwa, ndiyo maana hukipeleka kitambaa mlangoni kabla ya kutoa fedha. Diski nayo ipelekwe mlangoni, kivulini lakini chini ya mwanga wa mchana, pamoja na picha ya karatasi ambayo familia imekwisha kuikubali.

Uso uliokubaliwa ukipatikana, vipimo vyake huandikwa pamoja na jina la diski na la wino. Diski ya mfano huwekwa ndani ya boksi, gizani, kwa kuwa wino wa rangi iliyoyeyushwa hupauka kwa mwanga. Na kila inapofunguliwa chupa mpya ya wino, hasa ya mtengenezaji mwingine, huchapwa nyingine na kulinganishwa nayo.