MABAKI YA PILAU SI MSHAHARA



Mara nyingi tunapokutana tunazungumza juu ya walimu, wauguzi, wapakuzi wa bandarini na madereva. Leo tunataka kuisema kazi isiyo na lango wala daftari la mahudhurio. Ni kibarua cha kupika na kuandaa chakula kwenye shughuli za watu: harusi, matanga, semina, na wageni wanaokuja ufukweni siku za mapumziko. Hapa Rumonge, na kando yote ya Ziwa Tanganyika mpaka Nyanza-Lac, akina mama wengi wameifanya kazi hii, nasi tumo. Leo unaitwa, kisha majuma mawili hakuna anayekukumbuka.

Kwa nini twaenda? Kila mwenye kuishi hapa anajua. Mwezi ukiwa mpevu, mvuvi wa taa hana kazi, maana ndagala hawaifuati taa penye mbalamwezi. Siku hizo nyumba ya mvuvi hula deni. Na mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda yakaingia mpaka majumbani, wako waliopoteza vyumba, na wako waliopoteza meza zao za biashara. Mama aliyekuwa akiuza samaki au mawese alijikuta anatafuta sufuria ya kukoroga kwa mwenzake. Basi akiitwa kupika harusi, hawezi kuuliza maswali mengi. Hapo ndipo unyonge wake unapoanzia.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Tuliitwa akina mama wanne kupika harusi. Tuliahidiwa faranga 10,000 kila mmoja, kwa mdomo tu. Tuliwasha moto saa tisa ya usiku. Tulipika pilau, maharage na ndizi, tukakaanga mukeke, tukapakua, tukahudumia meza, tukaosha vyombo. Sufuria ya mwisho tuliiweka chini saa nne ya usiku uliofuata. Hesabu, ndugu msomaji: ni saa 19.

Wakati wa malipo tulipewa faranga 5,000 kila mmoja, na bakuli la mabaki ya pilau. Tulipouliza, mwenye shughuli akasema, "Akina mama, kwani hamkula? Na chakula cha watoto si hicho mmebeba?"

Mkubwa wetu akamjibu kwa adabu, "Baba, tumekula na tunashukuru. Lakini daftari la shule halinunuliwi kwa pilau."

Tuliondoka kimya. Kesho yake tulikaa chini tukapiga hesabu. Mmoja wetu alikuwa amemlipa jirani faranga 2,000 amtunzie mtoto anayenyonya, na nauli ya pikipiki usiku ule ilikuwa 1,500. Akabakiwa na 1,500. Ukizigawa kwa saa 19, hazifiki faranga 80 kwa saa moja. Na maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani tangu asubuhi, mtoto analia kwa jirani.

Mwingine hakuwa na fedha ya kumlipa jirani. Alimwacha binti yake wa miaka kumi na mmoja awalinde wadogo zake wawili. Siku ile ilikuwa siku ya mtihani shuleni. Binti hakwenda. Tangu mwaka 2005 karo ya shule ya msingi ilifutwa katika nchi yetu, nasi tulishangilia. Lakini shule bila karo haimfai mtoto aliyebaki nyumbani akibeba mgongoni mtoto wa mama yake. Hapo tulielewa jambo ambalo hatukuwa tumelitazama vizuri: kibarua chetu kina mfanyakazi wa tano asiyelipwa, na mfanyakazi huyo ni binti yetu wa kwanza.

Wako watakaosema sheria ipo. Ndiyo, ipo. Sheria ya Kazi ya mwezi wa Novemba 2020 ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1993. Lakini kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988, yaani faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura na 105 mashambani, kilikaa zaidi ya miaka 30 bila kupandishwa. Kwa hiyo tajiri aliyekuwa akijitetea kwamba analipa zaidi ya kima cha sheria hakuwa mwongo, ila ukweli wake ulikuwa wa aibu.

Shirika la Kazi la Kimataifa nalo limesema. Mkataba wake namba 172 wa mwaka 1991, unaohusu wafanyakazi wa hoteli na mikahawa, unataka mfanyakazi alipwe mshahara wa msingi kwa vipindi maalumu, bila kutegemea bahashishi. Mkataba namba 175 wa mwaka 1994 unataka mwenye kufanya kazi saa chache asipunjwe: ujira wake wa msingi kwa saa usiwe mdogo kuliko wa mwenzake wa kutwa kwa sababu tu saa zake ni chache. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mkataba hauendi wenyewe kugonga mlango wa mwenye harusi. Wa kugonga ni sisi.

Nasi tuligonga. Tulirudi wote wanne pamoja, mchana, bila matusi. Baada ya juma moja tulipata faranga 3,000 zaidi kila mmoja. Hatukupata zote, lakini aliyekwenda peke yake kabla yetu hakupata hata moja.

Tangu hapo tumepatana hivi. Bei isemwe mbele ya mashahidi kabla ya kuwasha moto, na nusu yake itolewe kwanza. Saa zihesabiwe tangu moto kuwashwa mpaka sufuria ya mwisho kuoshwa. Chakula ni zawadi, kisiingie katika hesabu ya ujira. Mwenye kunyonyesha aletewe mtoto wake, apewe nafasi ya kumnyonyesha. Na kubwa kuliko yote: tukiitwa wapishi wanne, tunadai malipo ya watu watano. Wa tano anakaa na watoto wetu wote mahali pamoja, na ujira wake ni sawa na wetu. Mabinti waende shule.

Hatufichi kwamba tumekosa shughuli kadhaa kwa masharti haya. Mwenye shughuli husema, "Wengine wapo." Kweli wapo: jirani mwenye shida, mama aliyerudi kutoka kambi za Tanzania, dada aliyevuka kutoka Kongo. Hao si adui zetu. Tuwaendee kabla tajiri hajawaendea, tuwaambie bei yetu, tuwakaribishe katika kikundi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na ninyi ndugu waume, msituambie kazi hii ni ya kujifurahisha. Siku mama anapopika harusini na mwezi umewaweka nyumbani, mlezi wa watoto yupo: ni wewe, baba yao.

Umoja ni nguvu.