Mgeni Hupokewa Mlangoni: Tuliyojifunza kwa Bawabu wa Colombo

Mwaka juzi tulikwenda, sisi wanawake watano wa familia moja, kutazama ukumbi katika hoteli moja ya ufukweni hapa pwani yetu. Tulikuwa tukitafuta mahali pa kufanyia walima wa binti yetu. Jina la hoteli tumelihifadhi, kwa kuwa yaliyotupata pale huwapata wengi katika milango mingi. Askari wa lango alitutazama kuanzia ushungi hadi viatu, kisha akauliza, "Mama, mwamtafuta nani?" Tulimweleza kwamba tuna miadi na ofisi ya ukumbi. Akatuambia tusubiri kando. Tungali tumesimama juani, likafika gari la watalii. Lango likafunguliwa mara moja, na kijana yule yule akanyoosha mgongo, akatabasamu, akasema, "Karibuni sana!"

Mama yetu mzee, ambaye ndiye mkubwa wetu, hakutamka neno mpaka tulipopata ruhusa ya kuingia. Ndipo aliposema kwa sauti ya chini, "Kijana huyu namjua. Bibi yake tulisoma chuo kimoja."

Maneno hayo yalituuma kuliko kule kungojeshwa. Angekuwa mtu wa mbali, tungesema hatujui. Lakini huyu ni mtoto wetu, amelelewa kwa salamu na heshima kama walivyolelewa watoto wetu wote. Ni nani basi aliyemfundisha kwamba mgeni ni yule aliyetoka ng'ambo, na kwamba mwanamke wa buibui akifika mlangoni ni mtu wa kuulizwa anamtafuta nani?

Usiku ule tulikumbuka mlango mwingine.

Veranda inayotazama bahari

Miaka michache kabla ya hapo tulimsindikiza mama kwenda kutibiwa India ya Kusini, na katika safari hiyo tulipita Colombo, mji mkuu wa biashara wa Sri Lanka, tukakaa siku mbili. Kisiwa hicho ndicho mabaharia Waarabu walichokiita Sarandibu. Tulilala katika nyumba ndogo ya wageni, lakini mama alitamani kuiona bahari kutoka upande ule wa pili, kwa kuwa bahari ni moja. Ndipo tulipoelekezwa Galle Face Hotel.

Hoteli hiyo ilijengwa mwaka 1864, wakati Waingereza wakitawala kisiwa, na ni miongoni mwa hoteli kongwe kabisa katika sehemu zote za bahari yetu. Mfereji wa Suez ulikuwa bado haujafunguliwa. Ulifunguliwa miaka 5 baadaye, mwaka 1869, na tangu hapo meli za abiria zikazidi kupita Colombo. Hata chai ambayo leo dunia nzima huiita ya Ceylon ilikuwa bado haijaanza kulimwa kwa biashara. Kilimo hicho kilianza mwaka 1867. Jengo lenyewe ni refu, limelala sambamba na bahari, likiwa na veranda pana na uwanja wa majani uliochorwa miraba kama ubao wa sataranji, na ukifika mwisho wa uwanja huo ni mawimbi tu.

Kaskazini ya hoteli kuna uwanja wa wazi wa Galle Face. Gavana Sir Henry Ward alikamilisha njia ya matembezi ya hapo mwaka 1859, na jiwe lililowekwa mahali hapo laeleza kwamba aliwausia watakaomfuata waitunze kwa maslahi ya wanawake na watoto wa Colombo. Wosia huo wangali wakiuishi. Jioni tuliona familia zikirusha tiara, watoto wakikimbia, na wauzaji wakikaanga vitu vinavyofanana na bajia zetu, vikiwa vimebandikwa kamba juu yake.

Hatukulala katika hoteli ile, kwani bei ya chumba haikuwa ya mfuko wetu. Tulikwenda kunywa chai tu. Twakiri kwamba tuliukaribia mlango kwa woga kidogo, tukiwa tumemshika mama mkono, kwa sababu tulikwisha kuzoea kuulizwa. Bawabu wa pale alikuwa amevaa nguo nyeupe. Alipomwona mama alikutanisha viganja vyake, akainamisha kichwa, akatamka "ayubowan", nayo ni salamu ya Kisinhala yenye maana ya kumtakia mtu umri mrefu. Mama alimjibu kwa yale aliyonayo, akamwombea kheri. Hapana aliyeelewa lugha ya mwenzake, na hapana aliyehitaji mkalimani. Hakutuuliza iwapo tumelala pale, wala tunamtafuta nani. Alifungua mlango.

Mhudumu wa veranda naye aliona kwamba mama ni mgonjwa kabla hatujasema. Alimsogezea kiti mahali pasipo upepo mkali. Tulipomwambia kwamba hatunywi kileo wala hatuli nyama isiyochinjwa kisheria, aliitikia kana kwamba amesikia neno la kawaida kabisa, akatutajia yale tuwezayo kula bila shaka. Jua lilipokaribia kuzama, bendera ikaanza kuteremshwa uwanjani, mpiga zumari akiwa amesimama kando yake, ada inayofanywa pale kila machweo. Sisi tulikuwa twaondoka kuiwahi swala ya magharibi, kwani mtaa ule wa Kollupitiya una msikiti wa Ijumaa. Mama aligeuka mlangoni, akasema, "Hawa wamefundishwa."

Mtu aliyesimama mlangoni miaka 70

Tulipoulizia, tulisimuliwa habari za mtu ambaye jina lake haliachani na mlango ule: Kottarapattu Chattu Kuttan. Alizaliwa Kerala, India, akafiwa na wazazi wake, na mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 18, akavuka bahari kwenda Ceylon kutafuta riziki. Mwaka 1942 akaajiriwa Galle Face Hotel kwa kazi za chini: kubeba mizigo na kutumikia. Baadaye akawa bawabu, na hapo mlangoni ndipo alipozeekea, akiwa na masharubu makubwa meupe na nguo nyeupe, akiwapokea watu kwa viganja vilivyokutana.

Alifanya kazi katika hoteli hiyo kwa zaidi ya miaka 70. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2014, akiwa na miaka 94, na magazeti ya nchi nyingi yakaandika tanzia yake. Tuzingatie jambo hilo. Hoteli ile imewapokea watu wakubwa wa dunia. Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kufika anga za juu, ni mmoja wao. Na mwandishi Arthur C. Clarke alimalizia kitabu chake kimoja mlemle ndani. Imo hata gari ndogo aliyoitumia Prince Philip wa Uingereza alipokuwa afisa kijana wa jeshi la maji kisiwani. Lakini alipokufa mfungua mlango, dunia ilimtaja yeye kwa jina. Wageni waliorudi baada ya miaka 20 walikuwa wakimtafuta yeye kwanza, kabla ya kuuliza ufunguo wa chumba.

Hoteli yaweza kununua marumaru, mazulia na taa. Haiwezi kununua mtu wa namna hiyo. Mtu wa namna hiyo hulelewa, kisha hutunzwa na kazi inayompa heshima.

Kazi tunayoionea haya

Hapa ndipo inapotupasa tujiulize wenyewe. Vijana wetu wengi, tangu Lamu hadi Diani, hula riziki yao katika hoteli. Lakini ni mama wangapi miongoni mwetu wasemao waziwazi, "Mwanangu ni bawabu," au "Mwanangu hubeba mizigo"? Twasema, "Yuko katika mambo ya utalii," kisha twabadilisha mazungumzo. Kijana hulisikia hilo. Huingia kazini akijua kwamba nyumbani kwao kazi yake ni aibu, naye hutafuta mtu aliye chini yake ili apate kujiona mkubwa. Mtu huyo huwa ni sisi, tunapofika langoni na mabuibui yetu.

Hatusemi kwamba wazazi hawana sababu ya kuwa na wasiwasi. Kileo humiminwa katika hoteli, mavazi ya ufukweni si yetu, na zamu za usiku humtoa binti nyumbani saa zisizofaa. Masuala ya halali na haramu katika kazi hizi ni ya kuulizwa kwa masheikh, na ipo tofauti kati ya anayehudumu baa na anayefua mashuka, anayepika, anayetunza bustani au anayeshika hesabu. Hayo yazungumzwe na kijana kabla hajaajiriwa. Lakini kuogopa haramu ni jambo moja, na kuidharau kazi ya mikono ni jambo jingine. La kwanza ni dini. La pili ni kiburi, na tusilivishe kiburi kanzu ya dini.

Sahani iliyofunikwa

Kumpokea mgeni si elimu iliyoletwa pwani hii na meli za watalii. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipita mwambao wetu mwaka 1331. Ameeleza kwamba meli ilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji waliiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimwendea mfanyabiashara mmoja, akampa sahani ile na kumtangaza kuwa ndiye mgeni wake, na mfanyabiashara huyo akashukia nyumbani kwa mwenyeji wake. Alieleza pia chakula alichokirimiwa mjini: wali wa samli na mchuzi wa kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu na pilipili, na embe. Akina mama wasomaji watakitambua chakula hicho bila kuambiwa. Kutoka hapo alifika Mombasa, kisha Kilwa, na miaka 13 baadaye, mwaka 1344, alikuwa Sarandibu, kisiwa kile kile tulichonywea chai.

Na kabla ya hayo yote tunaye Nabii Ibrahim, alayhi salaam. Walifika kwake wageni asiowajua, naye akaharakisha kuwaletea ndama wa kuchoma. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, aliifungamanisha imani ya mja na kumkirimu mgeni. Katika mafundisho hayo hakuna sharti la rangi ya pasipoti.

Vikombe vya kabatini

Tukirudi katika nyumba zetu, twaona kwamba somo la yule kijana wa langoni huenda lilianzia huku. Tuna vikombe vya kabatini, ambavyo havitoki mpaka aje mtu mkubwa au mtu wa ng'ambo. Shangazi aliyekuja kwa matatu kutoka shamba hupewa kikombe kilichomeguka ukingo. Mtoto huona. Mwanamke anayetusaidia kazi za nyumbani huitwa kwa sauti ambayo hatungethubutu kumwitia mgeni. Mtoto husikia. Akikua na kupewa lango la kulinda, hutenda aliyoyaona.

Tuanze basi na yaliyo mikononi mwetu. Mtoto afundishwe kwenda mlangoni mwenyewe, atoe salamu, apokee mzigo, aulize maji kabla ya kuuliza haja, na afanye vivyo kwa tajiri na kwa muuza mboga. Nasi tukiwa wageni katika hoteli, tuwe na adabu za wageni: tumsalimu bawabu kabla ya kupita, tuseme mapema tunayoyahitaji kuhusu chakula, kibla na faragha ya wanawake, tusiwapigie makofi wahudumu kama tunaoita kuku, na bakshishi tukiweza kuitoa tuitoe bila kumtweza mtu.

Tumalizie kisa cha ukumbi. Siku ile ile tulimweleza meneja yaliyotufika. Alituomba radhi, akachukua kalamu, akauliza ni askari yupi. Tulitazamana. Kila mmoja wetu alijua kwamba jina likiandikwa pale, kuna nyumba ambayo mwisho wa mwezi haitakuwa na unga. Mama akamjibu, "Usiandike mtu, mwanangu. Aliyetuuliza ni lango lenu. Wafundisheni wote." Meneja akaiweka kalamu.

Tulipotoka, mama alisimama mbele ya kijana yule, akamtolea salamu, akamwambia, "Nisalimie bibi yako. Mwambie ni mwenzake wa chuo." Kijana alishikwa na haya, akauinamia mkono wa mama na kuubusu.

Walima tuliufanyia pale. Siku hiyo akina mama walifika kwa makundi, wengine kwa tuktuk, wengine kwa miguu kutoka kituo cha matatu, sinia zao zikiwa zimefunikwa. Lango lilikuwa wazi, na kijana alikuwa akizipokea sinia moja baada ya nyingine, akisema kwa kila mmoja, "Karibu, mama. Karibu ndani."