Komba wa Rondo

Wajukuu zangu wa Ilembula, kile kilio kama cha mtoto mchanga mnachokisikia gizani, kikawatoa mbio hadi jikoni, si cha jini. Ni komba, tena yule mkubwa. Ila leo nina habari za ndugu yake mdogo kabisa, anayeishi mbali na kwetu, kwenye uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi.

Komba wa Rondo ana gramu 60 hivi; mizanini, yai moja la kuku linamtosha. Mchana hulala. Usiku huruka kutoka shina hadi shina huko chini vichakani, akisaka wadudu hata kwenye majani makavu. Macho yake ni makubwa mno, hayazunguki sawasawa, basi hugeuza kichwa kizima kutazama nyuma.

Wataalamu walimtangaza kuwa aina ya pekee mwaka 1996 tu. Komba wadogo hufanana sana kwa sura, lakini kila aina ina mlio wake, na wenyewe hutambuana kwa huo. Ikabidi watafiti wakeshe msituni na vinasa sauti. Kazi ya kusikiliza, si ya kutazama!

Baadaye alipatikana pia kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, karibu na Dar es Salaam. Misitu yake yote ukiijumlisha ni kama kilomita za mraba 100, nayo imekatikakatika. Katikati ni mashamba, hana mti wa kurukia. Mingi ni hifadhi za serikali, na bado mkaa umetoka humo miaka nenda rudi. Msimlaumu mchoma mkaa peke yake. Gunia lina mnunuzi.

Na kwetu je? Njombe tunajua kupanda miti, hilo hatufundishwi na mtu. Lakini msindano haumpi komba wa kwetu utomvu kama ule wa mgunga, wala hauna shimo la kulala. Shimo liko kwenye mti mzee, ule mkavu tunaouwahi kwa kuni. Tunaweza kuuacha usimame: nyumba yenye jiko banifu huteketeza kuni chache, na msindano uliokatwa matawi una kuni za kutosha.

Kwa hiyo mkitumwa kuni, mkaona gogo lililosimama lina tundu, shoka likae chini kwanza. Gongeni shina, msubiri. Akichungulia mtu mwenye masikio makubwa, tafuteni gogo jingine.