Rubani na Akiba ya Uzee Wake

Ndege ipitapo juu ya uwanja wetu wa michezo, mpira husimama kidogo. Kila mmoja huinua macho, na hapakosi mtu wa kusema, "Laiti mimi ningekuwa rubani!" Kazi hiyo husifiwa kwa mshahara wake mkubwa. Lakini ni wachache wanaojiuliza: rubani akiisha kutua kwa mara ya mwisho, atakula nini siku zilizobaki? Hebu tulitazame jambo hili kama lilivyo Marekani, kwa maana marubani wa nchi ile wamepata somo kali, linalomfaa kila mtu anayeishi kwa mshahara.

Kwanza yatupasa kujua kwamba kazi ya rubani ina mpaka. Tangu mwaka 1960 sheria ya Marekani ilimkataza mtu aliyetimiza miaka 60 kuendesha ndege za mashirika ya abiria. Mwezi wa Desemba 2007 mpaka huo ulisogezwa hadi miaka 65. Tena, nahodha wa ndege hizo mwenye miaka 40 au zaidi hupimwa afya kila miezi 6. Moyo au macho yakiharibika, aweza kusimamishwa hata kabla ya kufika umri huo. Kwa hiyo hana budi kuweka akiba mapema.

Ahadi ya zamani

Zamani mashirika makubwa yaliwapa marubani pensheni. Kampuni ilimwambia mtu: fanya kazi miaka kadha wa kadha, nasi tutakulipa kiasi fulani kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako. Fedha zilikuwa katika mfuko mmoja wa wote, na kampuni ndiyo iliyopaswa kuujaza. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Lakini mdeni akifilisika, nani atalipa?

Swali hilo lilijibiwa kwa uchungu. Desemba 2002 shirika la United Airlines liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na mwaka 2005 likaruhusiwa kuiacha mipango yake ya pensheni. Delta nayo iliingia njia hiyo Septemba 2005, na mpango wa pensheni wa marubani wake ukavunjwa mwaka 2006. Mizigo hiyo ilichukuliwa na shirika la serikali la bima ya pensheni, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Lakini bima hiyo ina kiwango ambacho kwa kawaida haikipiti, na anayeanza kulipwa akiwa na miaka 60 kiwango chake ni 65 kwa mia tu ya kile cha mwenye miaka 65. Kumbukeni kwamba siku zile sheria ndiyo iliyowalazimisha marubani kuacha kazi wakiwa na miaka 60! Basi wengi waliokwisha kupanga uzee wao walilazimika kupiga hesabu upya, wakati wa kuruka umekwisha.

Akaunti yenye jina la mwenyewe

Leo njia kuu ya marubani hao ni akaunti ya uzeeni iitwayo 401(k), kwa namba ya kifungu cha sheria ya kodi kilichoongezwa mwaka 1978. Fedha huwekwa kwa jina la rubani mwenyewe, naye huzielekeza katika hisa au dhamana. Kampuni ikifilisika, wadai wake hawawezi kuzigusa. Mwenye akaunti akifa, warithi wake huzipata. Kwa kawaida kodi ya mapato hailipwi mpaka azitoe, na akizitoa kabla ya miaka 59 na nusu, mara nyingi hutozwa faini ya 10 kwa mia juu ya kodi.

Hata hivyo njia hii nayo ina hatari. Mwaka 2008 bei za hisa za Marekani zilianguka kwa zaidi ya theluthi moja. Hasara ya namna hiyo humwangukia mwenye akaunti, si kampuni.

Debe na ukingo wake

Serikali imeiwekea akaunti hiyo ukingo, kama debe lisivyoweza kupokea zaidi ya ujazo wake. Kwa mwaka 2025 mtu wa chini ya miaka 50 aliruhusiwa kuweka dola 23,500 kutoka katika mapato yake. Mchango wake na wa kampuni kwa pamoja haukuruhusiwa kuzidi dola 70,000.

Tufanye hesabu. Tuseme rubani mwenye miaka 45 alipata mshahara wa dola 300,000 mwaka ule, na kampuni yake huchangia 16 kwa mia ya mshahara, yaani dola 48,000, au 4,000 kila mwezi. Akijaza sehemu yake yote, jumla ni 71,500. Debe limefurika kwa dola 1,500! Ziada hiyo hulipwa mkononi pamoja na mshahara na kukatwa kodi, au, katika mikataba kadhaa mipya, huingizwa katika mpango wa pili wa uzeeni. Haipotei, lakini ile inayolipwa mkononi ni rahisi kutumika ovyo, isipokuwa mwenyewe ameipangia kazi.

Fungu la faida

Sasa tufike kwenye fungu la faida. Mashirika kadhaa hugawia wafanyakazi sehemu ya faida ya mwaka uliopita. Delta hulipa fungu hilo mwezi wa Februari. Tuseme rubani wetu amepata dola 30,000 kwa siku moja. Mpango ukiruhusu, aweza kuelekeza dola 23,500 kati ya hizo katika akaunti yake na kumaliza sehemu yake ya mwaka mzima, kisha mishahara yake ya miezi inayofuata ikabaki kwa matumizi ya nyumbani.

Lakini awe macho kwa mambo mawili. La kwanza, ikiwa aliwahi kuagiza kwamba nusu ya kila malipo iende akibani, kisha akasahau, atashtuka kuona dola 15,000 zimekwenda huko, na huenda alikusudia kuzilipia karo ya watoto. La pili, auchunguze mkataba wake. Kampuni za marubani kwa kawaida huchangia hata kama rubani mwenyewe hachangii. Lakini kuna waajiri wengine ambao huchangia katika kila mshahara pale tu mfanyakazi naye anapotoa. Kwao, aliyemaliza sehemu yake Februari aweza kukosa mchango wa miezi iliyobaki.

Kubwa kuliko yote, fungu la faida si mshahara. Februari 2020 Delta iligawia wafanyakazi wake dola bilioni 1.6, karibu mshahara wa miezi miwili kwa kila mtu. Mara ukaja ugonjwa wa korona, ndege zikalala viwanjani, na mwaka ule kampuni ikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Februari 2021 hapakuwa na fungu. Aliyekuwa amelitumia fungu la kwanza kujaza akiba yake, akiba hiyo ilibaki kwake. Aliyekopa nyumba kwa kutegemea fungu la pili alibaki na deni.

Basi wasomaji, ndege ikipita tena juu ya uwanja wetu, tukumbuke kwamba hata yule aliye juu anapaswa kutenga mambo matatu: aliloahidiwa, alilobahatika kupata, na lile lililokwisha kuwekwa kwa jina lake. Wazazi wetu wengi hukatwa mishahara kila mwezi kwa ajili ya uzee wao. Tuwaombe watuonyeshe karatasi zao za mshahara, tusome pamoja nao, na tuulize kila fedha iliyokatwa imekwenda wapi. Akiba haiozi, lakini yafaa kujua imewekwa wapi.