Bibi, Yasini na Kidonge cha Presha

Bibi husoma Yasini kwa ghibu bila kukosea aya, kisha huuliza kama amekwisha kumeza dawa ya presha. Wako wanaodhani anajitia kusahau. La hasha. Alichohifadhi chuoni utotoni na kukirudia miaka yote kimeshika mizizi. Kinachodhoofika kwa umri ni kupokea jipya, hasa akili inapovutwa huku na huku. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Fergus Craik na wenzake walionyesha kwamba umakini ukigawanyika wakati wa kujifunza, kumbukumbu huharibika zaidi kuliko ukigawanyika wakati wa kukumbuka. Basi agizo alilopewa huku televisheni ikinguruma na wajukuu wakigombana huenda halikuingia kabisa. Sasa akaripiwa kwa lipi?

Zima televisheni, keti mbele yake, mwambie jambo moja, naye alirudie. Vidonge vitiwe katika kisanduku chenye vyumba vya siku saba, kwani kumeza mara mbili ni hatari. Lakini akipotea njia aliyoizoea, huo si uzee tu. Apelekwe kwa daktari. Pengine ni upungufu wa vitamini B12, nao hutibika.